Tundu la Juu Nililiziba Mimi

Marahaba. Shikamoo zenu nimezipokea, lakini msidhani zimenipoza. Nimekuja na hasira, na mkinivumilia mtajua ni juu ya nani. Sehemu kubwa ni juu yangu mwenyewe.

Mwezi uliopita nilikwenda zahanati ya hapa kwetu Mkunya kupima presha. Karibu na benchi la wagonjwa kuna mlango mpya wa chuma, umeandikwa kwa rangi nyekundu: CHUMBA CHA BETRI. USIVUTE SIGARA. Mimi nimefanya kazi ya betri na mitambo ya maji tangu ujana mpaka kustaafu, kwa hiyo mlango wa namna hiyo siwezi kuupita, kama vile nyinyi msivyoweza kupita mahali penye mtandao. Nikamwomba fundi kijana wa umeme wa jua anifungulie.

Ndani kulikuwa na betri kubwa za kujazia maji, zimepangwa vizuri, nyaya zimefungwa vizuri. Nikafurahi. Halafu nikatazama juu. Matundu ya hewa chini ya dari yalikuwa yamezibwa kwa ubao, na pembeni pamepigwa plasta.

"Nani kaziba?"

"Mimi, babu. Popo walikuwa wanachafua."

"Na gesi itatokea wapi?"

"Gesi gani tena? Humu hakuna jiko." Akacheka kwa heshima. "Usiogope, babu, sigara tumepiga marufuku. Si unaijua habari ya yule mzee aliyelipua mtambo wa maji Newala kwa sigara? Hata mafunzoni tulihadithiwa."

Nesi aliponipima alirudia mara mbili, kisha akaniuliza nilikula chumvi kiasi gani.

Yule mzee hakuvuta sigara maisha yake yote. Alikuwa mwalimu wangu. Tulimwita Baba Asumini, kwa jina la binti yake wa kwanza. Kilicholipua mtambo si sigara, na aliyesababisha si yeye. Ni mimi. Habari ya sigara ilitungwa na wawili: mmoja aliitunga, mwingine akaitia sahihi. Huyo wa pili mnamsoma sasa hivi.

Kabla sijafika huko, nataka mwelewe gesi yenyewe. Wajukuu zangu wakisikia uranium inatajwa huku kusini wanaanza kubishana juu ya vinu vya nyuklia. Nikitia neno wananiambia, "Babu, wewe ulikuwa fundi betri, nyuklia unaijulia wapi?" Nyuklia siijui. Hidrojeni naijua. Nimejifunza bila mwalimu, kwa vitabu vya kuazima na kamusi iliyokatika jalada, na sababu ya kujifunza mtaiona.

Hidrojeni imo ndani ya maji. Sisi wa uwanda huu wa Makonde, ambao mama zetu walishuka bondeni alfajiri na kurudi jua limepanda na ndoo moja kichwani, maji tunayaheshimu kuliko watu wengi. Lakini tunadhani maji ni adui wa moto tu. Maji ni ndoa ya hidrojeni na oksijeni. Ndoa ikivunjwa, hidrojeni inatoka ikiwa peke yake. Haina rangi wala harufu, ni nyepesi kuliko kitu chochote, inapanda juu moja kwa moja na kutafuta mahali pa kutokea. Ikikosa, inakaa chini ya dari na kuchanganyika na hewa. Inangoja cheche.

Ndani ya kinu cha nyuklia, mafuta ya uranium yanakaa kwenye mirija myembamba ya madini yanayoitwa zirkoni. Mirija imezamishwa majini ili isipate joto la kupita kiasi. Hata kinu kikizimwa, yale mafuta yanaendelea kutoa joto, kama makaa ambayo mama ameyaondolea kuni na bado yanachemsha uji. Kwa hiyo pampu za maji lazima ziendelee. Zikisimama, maji yanachemka na kupungua, mirija inabaki wazi ndani ya mvuke. Joto likipita lile la chuma chekundu cha mhunzi, zirkoni inaunyang'anya mvuke oksijeni yake. Madini yanageuka kuwa kitu mfano wa kutu, hidrojeni inaachwa. Na unyang'anyi huo wenyewe unatoa joto, kwa hiyo mambo yanakwenda kasi zaidi. Mionzi nayo inavunja maji, ila polepole. Gesi inapanda, inavuja mpaka ghorofa ya juu, inakuta paa limefungwa.

Ile ajali ya Japani, bahari ilipofurika, wengi mliona kwenye televisheni jengo likiruka paa mkasema bomu la nyuklia. Halikuwa bomu. Ilikuwa hidrojeni chini ya dari. Na pampu zilisimama kwa nini? Umeme ulikatika, majenereta ya dizeli yakaingia maji, betri zikaisha. Dizeli na betri! Siku ile niliinuka kwenye kiti changu nikaipigia televisheni kelele, mke wangu akaja mbio akidhani ni mpira.

Sisemi wale wenzetu ni wajinga. Wao wakifungua tundu kutoa hidrojeni wanatoa na sumu ya mionzi, uamuzi wao ni mgumu. Mimi nilikuwa na udhuru gani?

Basi twendeni Newala, miaka ya vita vya Msumbiji. Uhuru wetu ulikuwa bado mchanga, na ng'ambo ya Ruvuma watu walikuwa wanapigania wa kwao. Ndege za Wareno zilisikika, na mara nyingine zilivuka. Usiku ukiingia, amri ilikuwa moja tu: mwanga usionekane.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, msaidizi kwenye mtambo wa kusukumia maji ukingoni mwa mji. Shule nilikuwa nimeishia katikati. Kwa kuwa sikusoma, niliogopa sana kuonekana sikusoma, na hofu hiyo niliifanya kuwa usafi. Nilitembea na rula mfukoni. Daftari la vipimo nililipiga mistari kwa rula, na herufi ikipinda nilichana ukurasa nikaanza upya. Watu wa mtamboni waliniita Bwana Rula.

Baba Asumini alikuwa Mmakua wa Masasi, amekuja kuishi kwao mkewe huku Mkunya kama desturi yetu inavyotaka. Wamakua na sisi Wamakonde ni watani, kwa hiyo hakunionea huruma.

"Mmakonde wewe," alisema, "babu yako alichonga kinyago pua imekwenda Lindi na sikio limekwenda Tunduru, watu wakashangilia. Wewe unataka betri inyooke?"

Sigara hakuvuta, alikuwa mtu wa ugoro. Alikuwa na kikopo kidogo cha bati, akivuta anapiga chafya tatu, na baada ya ya tatu alijua injini ina ugonjwa gani. Alinifundisha kusikiliza injini kwa kuweka bisibisi kwenye bloku na sikio kwenye mpini. Maji ya betri ya kiwandani yakichelewa kuja, alikinga mvua: siyo ya mwanzo, hiyo inaosha vumbi la bati, bali ya baada ya robo saa. Na mara ya kwanza aliponiingiza chumba cha betri, kabla sijagusa chochote, alinyoosha kidole chini na juu.

"Tundu la chini linaingiza, tundu la juu linatoa. Betri ikishashiba, umeme unaoendelea kuutia hauna pa kukaa, unavunja maji. Ndiyo hayo mapovu unayoyaona. Yakipata njia, ni mapovu tu. Ukiziba la juu, umejifungia na simba."

Nililiandika neno hilo kwenye daftari, nikalipigia mstari. Kwa hiyo msinitetee kwamba sikujua.

Kiangazi hicho mpwa wa Baba Asumini alikuwa anatoka jandoni huko Masasi. Mjomba asipokuwepo, mtoto anatokaje? Akaomba ruhusa ya siku nne. Siku ya pili betri za injini kubwa zikafa ganzi, injini ikagoma kuwaka. Tangi la mji likaanza kukauka. Kazi yangu ilikuwa rahisi: kuwasha jenereta ndogo, ile inayowashwa kwa kuzungusha mpini, na kuzichaji betri usiku kucha.

Jioni akaja msimamizi wetu, mtu kutoka mikoa ya mbali, suruali imepigwa pasi. Akasimama nje akatazama juu. Taa ya chumba cha betri ilikuwa inapenya kwenye matundu.

"Hayo yazibwe."

"Bwana, fundi amesema matundu ya juu…"

"Fundi yuko ngomani. Ndege ikiona mwanga utamwita fundi? Ziba."

Sasa nisikilizeni, maana hili ndilo linaloniamsha hata leo. Betri haihitaji taa. Betri inachaji gizani kama mtu anavyolala gizani. Taa niliihitaji mimi, ili nisome kipimo kila saa na kulijaza daftari. Ningesema, "Bwana, ninazima taa," mambo yangeisha hapo. Maneno matatu! Sikuyasema, kwa sababu ukurasa ungekuwa na mistari mitupu.

Nikaziba. Na kama ningeziba ovyo, kwa gunia, gesi ingepenya na Baba Asumini angeliona gunia. Mimi nilipima kwa rula, nikakata matofali yakaingia sawasawa, nikapiga saruji, nikalainisha. Kulipopambazuka nikapaka chokaa juu yake, ukuta ukawa kama haukuwahi kuwa na tundu tangu uumbwe. Nikarudi nyuma nikautazama. Nilijisifu.

Asubuhi hiyo betri zilikuwa zimejaa vya kutosha kuwasha injini. Tunapima kwa kipimo cha kioo kinachoelea kwenye asidi, na betri iliyojaa inasoma elfu moja mia mbili themanini. Seli kumi na moja zilisoma themanini. Ya kumi na mbili ilisoma sabini. Sabini inatosha! Ingewasha injini na mji ungekunywa. Wanawake walikuwa wameshapanga ndoo kwenye foleni. Lakini mimi nilitaka kumi na mbili sawasawa, ili Baba Asumini akirudi aone ukurasa usio na doa. Nikaendelea kuzitia umeme zote kwa ajili ya moja. Kumi na moja zilizoshiba zikawa zinachemka, zinavunja maji saa baada ya saa, ndani ya chumba nilichokifunga kama chungu.

Saa nne asubuhi nilikuwa nimekaa kwenye meza nje ya mlango, napiga mstari wa chini wa ukurasa. Baba Asumini akatokea, amerudi siku moja kabla, vumbi la barabara mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo, Baba Asumini."

"Marahaba, Bwana Rula. Mtoto katoka, kanenepa kuliko mimi. Mbona mji hauna maji?"

"Betri, Baba. Bado seli moja."

Akaweka mbele yangu mfuko wa karatasi wa ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vyetu vya porini. "Nimekuletea. Maliza mstari wako, ule."

Nilitaka kumwambia habari ya matundu. Nawaapia, neno lilikuwa mdomoni. Lakini rula ilikuwa imeshakaa kwenye karatasi na kalamu ilikuwa katikati ya njia, na ukiinua kalamu katikati ya mstari wino unaacha tone. Nikasema moyoni, nimalize kwanza.

Aliingia. Alifanya alichonifundisha siku zote: usiguse nyaya za betri kabla hujazima chaja. Akavuta mkono wa swichi. Ile swichi ilikuwa inatoa cheche kidogo kila siku, miaka yote, na haikumdhuru mtu, kwa sababu miaka yote tundu la juu lilikuwa wazi.

Mlipuko sikuusikia kama sauti. Niliusikia kama kofi la mwili mzima. Paa liliondoka. Ukuta wangu mzuri ukaanguka nje kipande kimoja.

Alitoka anatembea, mikono usoni. Asidi ilikuwa machoni.

"Maji," alisema. "Maji, mwanangu, maji."

Nikakimbilia bomba. Bomba likapumua. Mtambo wa maji, na hauna hata kikombe! Tangi lilikuwa tupu kwa sababu nilikuwa nangoja themanini. Ni wale wanawake waliomwokoa. Wawili waliochoka kungoja foleni walikuwa ndiyo kwanza wanarudi kutoka bondeni, ndoo kichwani, jasho bado linawatoka. Hawakuuliza. Walimlaza, mmoja akamfungua macho kwa vidole, mwingine akamimina taratibu mpaka ndoo zote mbili zikaisha. Nyumbani kwao siku hiyo sijui watoto walikunywa nini. Jicho moja lilipona.

Siku ya tatu msimamizi aliniita.

"Alikuwa na sigara?"

"Anavuta ugoro, bwana."

"Ugoro ni nini? Si tumbaku? Sigara ni nini? Si tumbaku?"

"Lakini ugoro hauna moto, bwana. Na matundu yalikuwa yamezibwa."

Akaweka kalamu chini. "Nani aliziba?"

"Mimi."

"Kwa amri ya nani?"

"Yako, bwana."

"Basi unaona? Hayo yote mawili hatuyataki." Akanisogezea karatasi. "Daftari lako nimeliona. Safi sana. Kijana mwenye daftari kama hili ana mbele."

Nikatia sahihi. Sahihi yangu ilikuwa nzuri, imenyooka. Msimamizi alihamishwa kwenda mahali pakubwa zaidi. Baba Asumini aliachishwa kazi kwa uzembe.

Baada ya hapo ndipo nikaanza kusoma. Jumapili nilitafuta usafiri mpaka shule ya Chidya, kwa mwalimu mmoja wa sayansi aliyeniazima kitabu cha kemia. Akaniwekea hidrojeni kidogo ndani ya kioo, akasogeza kiberiti. Ikalia "pwap!", sauti ndogo kama mtoto anavyobusu. Yeye akacheka. Mimi nilitoka nje.

Nilimwona Baba Asumini mara moja tu baada ya hapo, wakati wa Ujamaa, watu walipohamishiwa vijijini na nyumba zikapangwa kwa kamba, mstari mmoja kama meno. Nilikuwa kwenye lori la mabomba. Alikuwa amekaa mbele ya nyumba yake, jicho moja jeupe. Watoto walipita wakiimba, "Mzee Sigara, Mzee Sigara!" Mtu mmoja akaniletea salamu zake baadaye: "Kasema, naona serikali nayo imemwajiri Bwana Rula." Nilicheka. Lakini siku ile sikushuka kwenye lori. Alikufa kabla sijastaafu, na kwenye mazishi nilisimama nyuma.

Sasa mnaelewa kwa nini yule fundi wa zahanati alinipandisha presha? Hana kosa. Amefundishwa uongo wangu, na uongo huo umezaa bango. Bango linasema usivute sigara, kila mtu analitii, hakuna anayevuta, na wote wanalala usingizi chini ya dari iliyozibwa. Kama karatasi ile ingesema kweli, kila fundi wa mkoa huu angeingia chumba cha betri na kutazama juu kwanza. Nilidhani nimemwibia mtu mmoja jina lake. Kumbe niliwaibia na nyinyi macho.

Mwenyekiti wa kamati ya zahanati ni Asumini. Yuleyule. Ana wajukuu sasa. Nilikwenda kwake siku hiyohiyo, nikamkuta anabangua korosho uani. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, kwa sababu niliona sistahili kukaa: matofali, chokaa, seli ya kumi na mbili, sahihi. Mikono yake haikuacha kubangua.

Nilipomaliza alisema, "Baba mdogo, Baba alijua."

"Alijua nini?"

"Yote. Ukuta ulianguka nje, akapapasa tofali kwa mkono likiwa bado na chokaa mbichi. Alisema, nani mwingine angeziba tundu vizuri namna ile? Mama alitaka aende kukushitaki kwa wakubwa. Akakataa. Alisema, mwacheni, anamaliza mstari wake. Akimaliza atakuja."

Akapangusa mikono. "Umechukua muda mrefu."

Hakunipa neno la kunifariji, na ninamshukuru kwa hilo. Aliingia ndani akatoka na nyundo na patasi, tukaenda zahanati pamoja, akamwita fundi kijana, akamwambia mbele yangu: "Huyu babu ana habari ya baba yangu. Msikilize mpaka mwisho. Halafu mshikie ngazi."

Nilipanda. Goti liligoma, nikapanda hivyohivyo. Fundi alizima chaja kwanza, kwa swichi iliyoko nje ya chumba, jambo ambalo sisi hatukuwa nalo, na tukaacha mlango wazi kwa muda mrefu. Kisha nikavunja. Popo tumewawekea wavu wa nyaya, hewa inapita, wao hawapiti. Kijana akafuta bango na kuandika upya kwa maneno niliyompa: TAZAMA JUU KWANZA. Chini yake, kwa herufi ndogo, Asumini aliongeza mwenyewe jina la baba yake.

Nilimwambia kijana asilete rula. Tundu lile limepinda, upande mmoja mpana kama mdomo wa mtu anayecheka. Mkipita Mkunya mtaliona. Asiwepo wa kulinyoosha.